Ua na ndege wa Mbololo: Orodha Nyekundu inamwona nani?

Msitu wa asili uliobaki juu ya kilima cha Mbololo, kaunti ya Taita Taveta, ni mdogo: kama kilomita mbili za mraba hivi. Ndani yake kuna ua ambalo porini halijulikani kuota kwingineko duniani, na kuna ndege ambaye wengi wa jamaa zake waliosalia wamo humo humo. Ua ni Streptocarpus teitensis, mmoja wa mimea tunayoiita violeti za Kiafrika. Ndege ni Turdus helleri, thrashi wa Taita. Wanategemea kivuli kimoja na ukungu mmoja, na shoka likiingia msituni halichagui limuumize nani. Kwenye Orodha Nyekundu, ile orodha ya ulimwengu inayopanga viumbe kwa madaraja ya hatari ya kutoweka, hata hivyo, hawa wawili wanatazamwa kwa macho tofauti kabisa, na hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na watu wanaotoa majina. Hatari yenyewe ina mchango mdogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na ndege, maana habari yake ni fupi. Yumo katika oda ya Passeriformes, ile yenye zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani, upande wa ndege waimbaji, familia ya Turdidae. Jenasi yake, Turdus, ina spishi zaidi ya 80 zilizotapakaa Afrika, Ulaya, Asia na Amerika. Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa pia mtaalamu wa ndege, ndiye aliyemwandika mwaka 1913, akampa jina la Edmund Heller, mkusanyaji wa vielelezo. Kichwa na kifua chake ni cheusi, ubavu una rangi ya kutu, tumbo jeupe, mdomo wa rangi ya chungwa. Hashuki kwenye nyasi za bustani kama ndugu yake Turdus abyssinicus, yule anayerukaruka mbele ya nyumba za Nairobi akitafuta nyungunyungu. Huyu wa Taita anataka majani makavu yaliyooza chini ya miti mikubwa, na mahali penye jua jingi hakai.

Undugu huo wa bustanini nusura umponze. Wako waainishaji waliomwona kuwa ni sura nyingine tu ya thrashi wa kawaida wa milimani, yaani nususpishi. Hapo ndipo ilipo siri ya mchezo mzima. Nususpishi ya ndege aliye kila mahali haipati safu yake kwenye orodha ya ulimwengu. Inajificha chini ya mgongo wa spishi mama, na spishi mama ni ya salama salmini. Waliomtambua kuwa spishi kamili, na baadaye tafiti za DNA zilizowaunga mkono, walimpa kitu kimoja ambacho rangi zake nzuri zisingempa: safu yake mwenyewe.

Kama unadhani nakuza mambo, mtazame jirani yake, Apalis fuscigularis, kandege kadogo kenye koo jeusi kanakoishi kwenye vilima hivyo hivyo vya Taita na si kwingine. Kwa miaka mingi alihesabiwa nususpishi ya Apalis thoracica, ambaye ukishuka kusini unamkuta hadi Rasi ya Tumaini Jema na hana shida yoyote. Alipopandishwa cheo kuwa spishi, aliingia moja kwa moja kwenye daraja la Hatarini Kabisa, la mwisho kabla ya kutoweka porini. Msitu wake haukuungua siku hiyo. Kilichobadilika ni mstari kwenye kitabu.

Ua nalo lina safari ndefu zaidi, na yenye mizunguko. Violeti za Kiafrika hazina undugu na violeti za Ulaya. Ziko familia ya Gesneriaceae, oda ya Lamiales, oda ile ile ya ufuta, mrihani na msaji. Ulimwengu wa sayansi ulizipata Tanga. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alituma mimea kwao Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hanover, akaiandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Kutoka hapo ikawa biashara. Leo hakuna duka la maua Ulaya au Amerika Kaskazini lisilokuwa nayo, na mamilioni ya vyungu vilivyopangwa madirishani vina damu ya mimea michache iliyotoka Tanga na Usambara kabla hata hatujapata sheria ya kugawana faida ya rasilimali za kijenetiki. (Itifaki ya Nagoya ilianza kutumika mwaka 2014. Meli ilikuwa imeng'oa nanga miaka 121 kabla.)

Ua la Mbololo liliandikwa mwaka 1958 na B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh, likaitwa Saintpaulia teitensis. Burtt alikuwa na jicho kali na mkono mwepesi wa kugawa; kufikia mwisho wa kazi yake jenasi hiyo ilihesabiwa kuwa na spishi kama 20. Halafu upepo ukageuka. Mwaka 2006, katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, Iain Darbyshire alizipunguza zikabaki 6. Nyingi kati ya zile za Burtt zilikunjwa ndani ya spishi moja, ionantha, kama nususpishi. Ile ya Taita ilinusurika na kubaki spishi kamili. Wakati huo DNA ilikuwa imeshaonyesha, tangu miaka ya 1990, kwamba Saintpaulia nzima ni tawi tu lililochipuka ndani ya jenasi nyingine ya Kiafrika, Streptocarpus. Mwaka 2012 majina yakahamishwa, na mwaka 2015 uainishaji mpya wa Streptocarpus ukalimaliza suala. Saintpaulia kama jenasi ikafutwa, ikabaki sehemu ndani ya jenasi yenye spishi zaidi ya 150.

Sina ugomvi na hilo. DNA ikisema mtoto ni wa nyumba ile, ni wa nyumba ile. Wauza maua walinung'unika kidogo kuhusu lebo zao, wakaendelea kuuza. Tatizo langu liko kwenye kukunja spishi, kwa sababu lile lina matokeo ambayo hayaishii dukani.

Streptocarpus ionanthus (ndiyo ile Saintpaulia ionantha kwa jina jipya), baada ya kukunjwa, inaanzia nyuma ya pwani ya Kenya, inapita Tanga na Usambara, inaingia ndani zaidi ya Tanzania na kufika hata kisiwa cha Mafia. Ukiipima kama spishi moja, eneo ni kubwa, na daraja iliyopewa ni Karibu na Hatari, yaani bado haijaingia kwenye madaraja ya hatari yenyewe. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mujibu wa kanuni. Lakini ndani ya mkunjo huo kuna rupicola, ambayo Burtt aliiita spishi na Darbyshire akaifanya nususpishi. Imebaki kwenye miamba michache ya chokaa nyuma ya pwani ya Kilifi, ukiwemo mwamba wa Cha Simba. Mtu akichimba mwamba ule kutafuta mawe ya kujengea, amemaliza sehemu kubwa ya kile kilichokuwa, miaka 20 iliyopita tu, spishi nzima. Na orodha ya ulimwengu haitatikisika. Spishi itaendelea kuwa Karibu na Hatari, maana Usambara bado ipo.

Kwa hiyo sayansi moja, kwa nia njema ile ile, iliwapandisha ndege wa Taita na kuwashusha maua ya Kilifi. Mkono uliogawanya uliongeza walio hatarini, na mkono uliounganisha ukawapunguza.

Hapa lazima niingie kidogo kwenye kanuni, ingawa najua zinachosha. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ndilo lenye Orodha Nyekundu, na hutumia vigezo vitano. Kwa viumbe wa mahali padogo, kinachotumika sana ni kile cha eneo. Ukiwa na eneo halisi la makazi lisilofika kilomita 10 za mraba, umeingia kwenye kipimo cha Hatarini Kabisa. Lisilofika 500, Hatarini. Eneo hilo hupimwa kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili, kila mraba ukihesabiwa nne. Kwa kipimo hicho, kiumbe anayeishi Mbololo peke yake ana miraba ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ila udogo wa eneo peke yake haukuingizi popote. Lazima uonyeshe pia mambo mawili kati ya matatu: kwamba makazi yamekatikakatika au yako sehemu chache mno, kwamba kuna kupungua kunakoendelea, au kwamba idadi inapanda na kushuka kupita kiasi. Kuonyesha kupungua kunahitaji mtu aliyehesabu jana na akahesabu tena leo. Na hapo ndege anamwacha ua mbali sana.

Thrashi wa Taita amehesabiwa. Makadirio yaliyofanywa miaka ya 1990 yalimweka karibu 1,060 Mbololo, na katika vipande vingine viwili vya msitu wa Taita, karibu 250 Ngangao na chini ya 40 Chawia. Watafiti wa Ubelgiji na Kenya walimnasa kwa nyavu, wakamvisha pete, wakampima mguu mmoja, kisha wakampima wa pili. Hilo la miguu linastahili kusimuliwa. Ndege akikua bila taabu, mguu wa kulia na wa kushoto hulingana kwa karibu sana. Akikua katika dhiki, iwe ya lishe au ya kuzaana ndugu kwa ndugu, mwili hushindwa kulinganisha, na mguu mmoja hupishana na mwenzake kwa sehemu ndogo ya milimita ambayo jicho halioni ila kipimo kinaiona. Chawia, kipande kidogo kabisa na kilichochakaa zaidi, ndiko miguu ilikopishana sana. Mbololo ilipishana kidogo. Mwili wa ndege wenyewe ulikuwa umeshatoa ushahidi.

Ushahidi wa namna hiyo ndio unaomfanya thrashi awe na daraja linaloaminika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa Hatarini Kabisa. Siku hizi yumo Hatarini, hatua moja chini. Unaweza kubishana na mabadiliko hayo, lakini kuna kitu cha kubishania. BirdLife International huwapitia ndege wote duniani, spishi 11,000 hivi, kwa mzunguko wa kila miaka michache. Hakuna ndege anayejulikana ambaye hajawahi kutazamwa. Mimea inayotoa maua ni zaidi ya spishi 300,000, na iliyotathminiwa haifiki robo. Mtaalamu mmoja wa mimea ya Afrika Mashariki anaweza kubeba mgongoni spishi mia kadhaa, nyingi akizijua kwa kielelezo kilichokaushwa miaka ya 1930 na maelezo mafupi kwenye lebo: mwamba wenye kivuli, mita 1,500.

Sasa mtu atauliza, hilo ua linahitaji nini zaidi? Si lipo kwenye vyungu? Swali hili nalisikia mara nyingi, na lina mantiki yake. Violeti ya Kiafrika huota kutoka jani moja. Chukua jani na kikonyo chake, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa utaona machipukizi madogo yanatokeza chini yake. Thrashi hawezi kuokolewa kwa unyoya. Kwa maana hiyo ua lina bima ambayo ndege hana, na kama ingenilazimu kuchagua nani aokolewe usiku wa leo ningemchagua ndege bila kusita.

Lakini kilicho kwenye vyungu vya madirishani kimetokana zaidi na ionanthus, kikachanganywa na kuchaguliwa kwa zaidi ya karne moja. Ua la Mbololo si hilo. Halafu kuna nyuki. Litazame ua la violeti ya porini kwa karibu: petali za zambarau, na katikati vifuko viwili vya njano vya chavua. Hakuna asali ya kumlipa mgeni. Kinachotolewa ni chavua peke yake, na ili itoke nyuki hulazimika kulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike. Kijiti cha kike, kile kinachopokea chavua, hakisimami katikati. Kwenye ua moja kimeinama kushoto, kwenye jingine kulia. Nyuki akitoka kwenye la kushoto chavua imemkaa ubavu mmoja, akienda kwenye la kulia inagusana sawasawa na kijiti. Ni mpango wa kuhakikisha mbegu zinatokana na wawili. Ukiwa na chungu dirishani huko Hamburg, mpango wote huo umesimama. Jani limetoa nakala, nakala imetoa nakala, na nyuki wa Taita hana habari.

Nikirudi kwenye msitu, kuna takwimu moja ambayo naona inafaa kuwekwa mbele kuliko daraja lolote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wanaofanya kazi Taita kwa muda mrefu, walilinganisha picha za anga za mwaka 1955 na za 2004. Eneo lenye miti kwa jumla lilikuwa limepungua kwa asilimia 2 tu. Msitu wa asili ulikuwa umepungua kwa nusu. Pengo lilizibwa na mikaratusi, misonobari, misaiprasi na miwati, miti ya kupandwa. Ukisimama Wundanyi ukatazama juu unaona kijani, na kijani hicho kinadanganya. Thrashi hali chini ya mikaratusi, na mwamba uliopoteza kivuli cha miti ya asili haushiki unyevu wa kulisha violeti. Ramani ya misitu inayohesabu mti kama mti ingesema Taita iko salama.

Mimi naona kosa la Orodha Nyekundu ni la aina hiyo hiyo. Inahesabu spishi kama spishi, kana kwamba mtu aliyechora mpaka wa spishi ya ndege na aliyechora wa spishi ya ua walitumia rula moja. Hawakutumia. Kwa ndege, mwelekeo wa miaka 30 iliyopita umekuwa wa kugawa: tofauti ya wimbo, ya manyoya, ya DNA, na nususpishi inapanda. Kwa violeti, mwelekeo umekuwa wa kuunganisha, kwa sababu walipozitazama tena tabia alizotegemea Burtt, kama vile urefu na mwelekeo wa vinyweleo vya jani, waliona zinaingiliana. Wote wana sababu nzuri. Ila anayesoma matokeo kwenye ofisi ya wafadhili haoni sababu. Anaona neno moja la rangi nyekundu au la njano, na anaamua pesa ziende wapi.

Na pesa zina uzito, wanajua watu wa milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, upande wa pili wa mpaka, msitu wa Derema huko Usambara Mashariki uligeuzwa kuwa hifadhi ili uunganishe hifadhi ya Amani na misitu ya kaskazini yake. Zaidi ya wakulima 1,000 waliokuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa walipoteza mashamba yao na kulipwa fidia, baada ya kungoja na kulalamika sana. Sitaki kusema hifadhi ile haikustahili. Iliki inafyeka miti michanga yote ya chini, na msitu usio na watoto unazeeka tu. Nasema kwamba uamuzi wa kumtoa mtu shambani ulisimama, kwa sehemu, juu ya orodha za spishi zisizopatikana kwingine, na orodha hizo hurefuka au kufupika kutegemea nani amekaa kwenye kiti cha muainishaji. Mkulima wa iliki ana haki ya kujua hilo, kama vile mfadhili.

Kuna wanaopendekeza tuache spishi kabisa, tuhifadhi mahali. Nawaelewa, na kwa Mbololo wangekuwa sahihi, maana ukilinda zile kilomita mbili za mraba umelinda vyote. Kwa Kilifi haifanyi kazi. Mwamba wa Cha Simba si msitu mkubwa wa kupendeza, hauna tembo, hauna maporomoko. Bila jina la kiumbe anayeishi pale na kwingineko hayupo, hutampata mtu wa kuutetea mbele ya mwenye mashine ya kusaga mawe. Jina bado linahitajika. Swali ni jina la ngazi gani.

Kanuni za IUCN zenyewe zinatoa mlango: nususpishi inaweza kutathminiwa peke yake, ikapewa daraja lake, mradi spishi nzima imeshatathminiwa. Ionanthus imeshatathminiwa. Kwa hiyo hakuna anayehitaji kumpinga Darbyshire wala kumfufua Burtt. Kinachohitajika ni mtu apande kwenye kila mwamba, ahesabu mashina, arudi baada ya miaka mitano ahesabu tena, kama walivyofanyiwa thrashi wa Chawia na miguu yao. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa botania wanaotafuta mada, na violeti hazikimbii kama ndege. Hutahitaji nyavu wala pete. Ningeanza na rupicola, kwa sababu chokaa ya Kilifi ina wateja wengi. Nususpishi ya kisiwa cha Mafia ingefuata, na teitensis ya Mbololo ningeiweka ya tatu, kwa kuwa kwa sasa thrashi anaibeba.